Andika Sababu: Ushauri kwa Mwanamke Anayechambua Mikopo ya Nyumba

Mkopo wa nyumba wa miaka 15 huishi muda mrefu kuliko meneja aliyeuharakisha, kuliko mfumo wa kompyuta ulioupokea, na pengine kuliko jina la benki lililoandikwa juu ya mlango. Benki ya Nyumba Tanzania, tegemeo la waliotaka kujenga tangu miaka ya 1970, ilianguka mwaka 1995. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo, mojawapo ikiwa Covenant Bank for Women. Kabla mwaka huo haujaisha, Benki ya Wanawake Tanzania nayo ikaunganishwa na benki ya TPB. Wafanyakazi walitawanyika, mikopo ikabaki. Deni halifi kwa kuwa mkopeshaji amefilisika. Mfilisi au benki mpya hulirithi, hufungua faili na kuuliza: nani alipitisha mkopo huu, na kwa sababu gani?

Dada unayekaa kitengo cha mikopo, jibu la swali hilo ndilo kazi yako. Ukitaka kudumu, usiegemee cheo, bosi mwema wala soko zuri, maana vyote vitatu huondoka bila kuaga. Egemea sababu ulizoandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mchambuzi nayo ni mali. Ushauri ufuatao umejengwa juu ya sheria na desturi za Tanzania, ingawa anayefanya kazi Nairobi au Mombasa ataikuta sura ileile kwa majina mengine.

Maswali matatu kwa mpangilio wake

Kila ombi la mkopo wa nyumba lina maswali matatu. Mwombaji anaweza kulipa? Historia yake inaonyesha kwamba hulipa? Asipolipa, nyumba hii itarudisha fedha bila kesi ya miaka? Anayeanza kazi hukimbilia swali la tatu kwa sababu nyumba inaonekana kwa macho: ina vigae, geti na ripoti ya mthamini yenye picha za rangi. Lakini nyumba nzuri haimlipii mtu marejesho. Benki inayofika kwenye mnada imeshapoteza muda, ada za mawakili na jina lake mtaani. Anza na uwezo wa kulipa, na hesabu uifanye mwenyewe hata kama mfumo umeshaifanya.

Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 2,400,000. Anaomba milioni 60 kwa miaka 15, riba asilimia 15. Rejesho lake litakuwa kama shilingi 840,000 kwa mwezi. Tuseme kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya vinachukua 700,000, kwa hiyo mkononi anabaki na 860,000. Kanuni ya utumishi inataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani 800,000. Amepita, na ofisa mauzo ameshaanza kufurahi. Sasa soma mkataba. Kama unaruhusu riba kubadilika, ipandishe hadi asilimia 17 uone. Rejesho linafika 923,000, mteja anabaki na 777,000, na theluthi imevunjika. Kama bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, 360,000 nyingine inaondoka. Ombi hilo halikupaswa hata kufika mezani kwako.

Utaambiwa: mwongezee muda. Kwa miaka 20 rejesho linashuka hadi kama 790,000, nafuu ya shilingi 50,000 tu kwa mwezi. Jumla atakayolipa, hata hivyo, inapanda kutoka milioni 151 hadi karibu milioni 190. Tazama pia umri. Mtumishi wa miaka 45 anayechukua mkopo wa miaka 20 atafikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima, akiwa na miaka mitano ya deni mbele yake. Haya yote yaandike, na mteja aelezwe kabla hajasaini.

Mwenye mshahara ni rahisi. Ujuzi wako utapimwa kwa mwenye biashara. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza asiwe na hesabu zilizokaguliwa, lakini ana miamala ya simu, taarifa za benki, makadirio ya kodi, leseni na madaftari ya wauzaji wa jumla wanaomkopesha. Chukua miezi 12, isiwe mitatu, kwa sababu biashara ina misimu: mvua hupunguza ujenzi na Januari hula ada za shule. Ondoa fedha anazozihamisha kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine, maana fedha hiyohiyo huonekana mara mbili kama mauzo. Kisha tenganisha mauzo na faida. Anayeuza saruji kwa milioni 30 kwa mwezi anaweza kuwa anabaki na milioni moja na nusu. Ukijua kusoma karatasi za mama huyu, una ujuzi ambao benki nyingi zinautafuta na wachambuzi wachache wanao.

Hati, ndoa na mtaa

Dhamana nayo ina mitego yake. Mtego wa kwanza ni muda wa hati. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na wengi husoma jina la mmiliki na kuishia hapo. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inakwisha 2031, na mkopo wa miaka 15 juu yake unategemea hati iongezwe muda. Leseni ya makazi nayo ni ya muda mfupi, hivyo isipewe uzito wa hati. Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati uwe mpya. Ule alioufanya mwombaji mwenyewe miezi iliyopita hautoshi, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa wiki hii. Uliza kuhusu kodi ya pango la ardhi. Nenda ukaione nyumba mchana, ukiwa na mwenzako, na uzungumze na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Jirani hujua ugomvi wa mpaka ambao ramani haiuonyeshi.

Mtego wa pili ni ndoa. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, mtu haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikakazia hilo, na marekebisho ya 2004 yakagawa wajibu: mwombaji aseme kama ana mwenza au hana, na mkopeshaji achukue hatua za msingi kuthibitisha. Kiapo cha kwamba mtu hajaoa hakikumalizii kazi. Ukifika kwenye nyumba ukakuta nguo za watoto kwenye kamba na mama jikoni, uliza, kisha andika ulichojibiwa. Mwenye ndoa ya wake zaidi ya mmoja anaweza kuleta ridhaa ya mke asiyeishi katika nyumba hiyo kabisa.

Usiridhike na saini ya mke peke yake. Taka aelezwe bila mumewe kuwapo, kwa lugha anayoielewa, kwamba marejesho yakishindikana nyumba anayolala inaweza kupigwa mnada. Kisha weka kwenye faili tarehe, mahali na jina la aliyemweleza. Unamlinda yeye, na unailinda benki pia, kwa sababu ridhaa isiyoeleweka ndiyo inayozaa zuio la mahakama siku ya mnada.

Hapana yenye maelezo

Mchambuzi mpya huogopa kukataa, na mwenye uzoefu mbaya huona raha kukataa. Wote wawili huandika vibaya. "Mteja hana sifa" ni maneno ambayo hayamfundishi mteja, hayamsaidii ofisa mauzo wala hayatakutetea. Rudi kwa yule mtumishi wa milioni 60. Andika hivi: "Kwa riba ya sasa anabaki na 860,000. Riba ikifika asilimia 17 anabaki na 777,000, chini ya theluthi inayotakiwa. Mkopo ukishuka hadi milioni 58, hata kwa asilimia 17 anabaki na zaidi ya 800,000. Napendekeza milioni 58, mteja aongeze milioni 2 kwenye malipo ya awali." Hapana imekuwa ndiyo yenye masharti, na tofauti ni fedha ambayo mtu anaweza kuitafuta kwa miezi michache.

Maelezo ya faili yawe na mambo manne: ulichokiona, ulichokihesabu, unachokiogopa na unachopendekeza. Unachokiogopa usikifiche kwa kuwa umependekeza mkopo upite. Ukiandika kwamba mwajiri wa mteja ana mikataba ya muda mfupi, na kwamba umekubali kwa sababu mkewe ana kipato kilichothibitishwa, atakayefungua faili miaka minane baadaye atajua kwamba uliiona hatari ukaipima. Kamati ya mikopo ikipitisha kinyume cha pendekezo lako, ni haki yake. Hakikisha tu kwamba pendekezo lako linabaki kwenye faili kama ulivyoliandika, na usikubali kulibadilisha ili lifanane na uamuzi wa wakubwa.

Watakaokusukuma

Msukumo wa kwanza hutoka ndani. Mwisho wa mwezi ofisa mauzo ana malengo ya kutimiza, na faili lako ndilo linalomzuia. Usimfanye adui. Mpe mapema orodha ya yale unayoyataka, mjibu ndani ya muda mliokubaliana, na maswali yako yote yatoke kwa pamoja badala ya moja leo na jingine kesho. Mchambuzi anayechelewa bila maelezo hujikosesha haki ya kusema kwamba anasukumwa. Ukifuata utaratibu na bado ukaambiwa "pitisha tu, tutarekebisha baadaye", jibu kwa barua pepe: "Nathibitisha maelekezo yako kwamba nipitishe bila upekuzi wa hati." Mara nyingi maelekezo hayo hufutwa kabla ya jioni.

Msukumo wa pili hutoka nyumbani. Shangazi, mwana wa mjomba, kiongozi wa kikoba, wote watakumbuka kwamba unafanya kazi benki. Saidia kwa kueleza nyaraka zinazohitajika, kisha faili likija, toa taarifa ya undugu kwa maandishi na umwachie mwenzako. Ukoo utanung'unika kwa muda, lakini kosa la kumpitishia ndugu halitasahauliwa kazini.

Msukumo wa tatu humlenga mwanamke zaidi: bosi anayefunganisha upandishaji cheo na mwili wako, au mteja mkubwa anayetaka "mkutane mahali tulivu mzungumzie faili". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kama kosa la jinai. Hifadhi ujumbe, andika tarehe na mahali, kutana na wateja ofisini au kwenye nyumba husika ukiwa na mwenzako, na toa taarifa kwa njia zilizopo kazini au TAKUKURU. Wengine watakuita mkali. Waache waone hivyo.

Uzazi haufuti uzoefu

Wanawake wengi hupoteza hatua kubwa ya kazi katika miaka ya kuzaa, na mara nyingi chanzo ni maandalizi duni kuliko uzazi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 ukizaa zaidi ya mtoto mmoja. Unaporudi, una haki ya kunyonyesha wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Mwajiri anatakiwa apewe taarifa miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Ukitumia miezi hiyo vizuri, hutaondoka na deni la mafaili.

Usiache ombi hata moja likiwa na maelezo kichwani mwako tu. Kwa kila faili lililo wazi andika limefikia wapi, kinachosubiriwa, na tarehe ambayo ripoti ya mthamini au upekuzi utakuwa umepitwa na wakati. Kabidhi kwa saini. Ukirudi, omba mabadiliko yote ya sera ya mikopo yaliyotoka ulipokuwa likizo, na kama madaraka yako ya kuidhinisha yalisimamishwa, omba kwa maandishi yarejeshwe. Mara nyingi hayarudi yenyewe, na hakuna atakayekukumbusha.

Soko litageuka

Soko la mikopo ya nyumba Tanzania bado ni dogo mno, halifiki asilimia 1 ya pato la taifa, ingawa tangu 2010 kuna kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Soko dogo hutikisika upesi. Kenya iliweka ukomo wa riba Septemba 2016, benki zikabana mikopo kwa wateja wenye hatari, na ukomo huo ukafutwa Novemba 2019. Hata soko kubwa huyumba. Marekani wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulikuwa asilimia 2.65 Januari 2021, na Oktoba 2023 ulifika 7.79. Waliokuwa wakibadilisha mikopo ya zamani kwa ya bei nafuu walikoma, na maelfu ya wafanyakazi wa sekta hiyo wakapoteza ajira, wachambuzi wakiwamo.

Kwa hiyo wakati wa neema jifunze kazi ya wakati wa dhiki. Mikopo mipya inapopungua, kazi huhamia kwenye mikopo chechefu, kupanga upya marejesho, kukagua mafaili ya zamani na kushughulikia dhamana. Omba ukae kitengo hicho kwa muda, hata kama hakina marupurupu ya mauzo. Aliyewahi kukaa na mteja aliyeshindwa kulipa huyasoma maombi mapya kwa jicho jingine. Pia, punguzo la wafanyakazi likija, yeye huwa na mahali pawili pa kufaa.

Wafanyakazi wakipunguzwa, zijue haki zako kabla ya kikao. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya nia yake, kueleza sababu na kushauriana. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ukiona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 tu za kupeleka mgogoro. Jambo jingine wengi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa: mkopo wako mwenyewe. Mikopo ya wafanyakazi wa benki huwa na riba nafuu, na mikataba mingi huipandisha hadi riba ya soko siku ajira inapokoma. Jifanyie uchambuzi uleule unaomfanyia mteja: rejesho langu litakuwa kiasi gani bila ajira hii, na nina akiba ya miezi mingapi?

Ujuzi unaokufuata

Tangu 1995, kampuni za Fannie Mae na Freddie Mac za Marekani zina programu zinazochambua maombi ya mikopo ya nyumba. Wachambuzi hawakuisha. Mafaili mepesi yalikwenda kwa mashine, magumu yakabaki kwa watu. Mwelekeo huo unakuja kwetu pia, kwa hiyo jijengee jina kwenye magumu: kipato cha biashara, umiliki wa pamoja, mirathi isiyokamilika, ujenzi wa hatua kwa hatua. Vyeti vya Taasisi ya Mabenki Tanzania vitakusaidia. Kwa ardhi na uthamini, marafiki waliosoma Chuo Kikuu Ardhi watakufundisha mengi ukiwauliza vizuri.

Weka daftari lako la kazi la kudumu, lenye aina ya kesi, tatizo, uamuzi na matokeo. Usiandike jina la mteja, namba ya hati wala nakala ya nyaraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda wateja, na maadili ya kazi yanakubana kabla ya sheria. Unachohama nacho ni namna ya kufikiri. Ukiulizwa kwenye usaili umewahi kufanya nini na kipato kisicho rasmi, utakuwa na majibu ambayo hakuna cheti kinachoyatoa.

Wiki hii omba ruhusa ya kusoma faili ulilolipitisha zamani. Lisome kama mfilisi asiyekujua, asiye na sababu ya kukupenda wala kukuchukia. Je, uwezo wa kulipa umeonyeshwa kwa hesabu? Ridhaa ya mwenza inaeleza nani alielezwa nini? Hatari uliyoiona imeandikwa? Palipo na pengo, usiguse faili la zamani, kwa sababu kuongeza maelezo baada ya uamuzi ni kughushi. Toa taarifa kwa msimamizi kama pengo linahatarisha dhamana, kisha chukua ombi lililo mezani leo na uandike sababu zote tangu mstari wa kwanza.